Barua ya wazi kwa Wabunge: nikitangulia mimi, mume wangu atakaa wapi?

Waheshimiwa Wabunge wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, nanyi nyote mliokabidhiwa sheria za uhamiaji na uraia wa nchi yetu,

Nawasalimu kutoka Kamachumu, Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Mimi ni Mtanzania wa kuzaliwa, muuguzi mstaafu, nina miaka 63. Mume wangu ni Mjerumani, ana miaka 68. Tulifunga ndoa mwaka 1991 katika kanisa ambalo paa lake naliona kutoka barazani ninapoandikia. Mwaka uliofuata nilimfuata kwao, tukaishi huko hadi tulipostaafu, na sasa tumerudi kuzeekea kwetu. Kwa usahihi niseme mimi ndiye niliyerudi. Yeye, kwa karatasi zake, bado ni mtu anayepita.

Nianze na swali nililoulizwa siku tulipokwenda kuulizia kibali cha kukaa. Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia mume wangu shikamoo, akaitikiwa marahaba, akacheka kwa furaha na kutuvutia viti. Akasoma cheti cha ndoa, akafungua pasipoti zote mbili, akasoma na barua ya serikali ya kijiji. Kisha akanigeukia: "Samahani mama. Huyu mzee anakutegemea wewe, au ana kipato chake?"

Nilikosa la kujibu. Tumelea watoto wawili. Mshahara wake ulilipa pango, wangu ukalipa chakula na nguo za watoto, na mwaka ule kiwanda alichofanyia kazi kilipopunguza watu, wangu ulilipa vyote. Alipofanyiwa upasuaji wa moyo nilimwogesha mimi. Nilipoumwa mgongo hadi nikashindwa kuinama, alinifunga kamba za viatu kila asubuhi kwa miezi minne. Katika ndoa kama hiyo nani anamtegemea nani? Lakini yule kijana hakuwa na nia ya kuchokoza. Alikuwa anatafuta fomu ya kutupa.

Maana njia zilizo wazi kwetu ni mbili. Tukisema ananitegemea, anapewa pasi ya mtegemezi. Tukisema ana pensheni yake, anaomba kibali cha ukaazi Daraja C, lile lenye wanafunzi, watafiti, wamishonari, wanaojitolea na wastaafu wa kigeni.

Tulizipima njia hizo wiki nzima, kwa karatasi na kalamu. Kibali cha Daraja C ni chake mwenyewe, hakining'inii kwenye jina langu, na hilo ni jambo kubwa. Ila ndani yake mimi simo. Anahesabiwa sawasawa na mstaafu yeyote aliyependezwa na hali ya hewa yetu: aonyeshe kipato, alipe ada iliyotajwa kwa dola, akae muda uliopangwa, kisha aanze kuomba upya. Miaka 34 ya ndoa na Mtanzania haimwongezei hata siku moja. Pasi ya mtegemezi nayo inamtambua kuwa ni mume wangu, lakini mwombaji ni mimi, pasipoti inayotazamwa ni yangu, na saini ni yangu. Anakaa nchini kwa sababu mimi nipo.

Majirani walitupa ushauri wao, kwa nia njema kabisa. Mmoja alisema tusijisumbue, mzee aingie kwa visa ya matembezi ya siku 90, zikiisha avuke Mutukula, alale Uganda, arudi. Wapo wanaoishi hivyo. Mimi nilikataa. Mtu mwenye moyo uliopasuliwa hawezi kuzeeka kwa vipande vya siku tisini tisini, na sitaki mume wangu awe mtu wa kuhesabu siku nyumbani kwake.

Tukachagua pasi ya mtegemezi. Tuliichagua kwa mapenzi, kwa kuwa tulitaka karatasi inayosema huyu ni mume wa huyu. Hesabu niliipiga baadaye, usiku, yeye amelala. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifanya niwaandikie.

Akitangulia yeye, mambo yote yako wazi. Atazikwa hapa kibanjani, yaani kwenye shamba la nyumbani, kama sisi Wahaya tunavyozika watu wetu, chini ya mparachichi, hatua chache kutoka kaburi la mama yangu. Mahali pale alipachagua mwenyewe. Watu watakuja, tutalia, tutakaa matanga, na hakuna atakayeniuliza kibali chake kinaisha lini.

Nikitangulia mimi, yule aliyekuwa anategemewa atakuwa hayupo. Hakuna wa kuomba tena, hakuna wa kusaini. Mzee wa miaka sabini na kitu, bado ana mchanga wa kaburi langu kwenye viatu, atapaswa kuanza safari ya kujigeuza mgeni wa aina nyingine. Aseme sasa yeye ni mstaafu, au ni mtalii, au ni nani. Akikosa jina linalokubalika kwenye fomu, afunge sanduku aende. Aende wapi? Pango la nyumba ya Ujerumani tulilirudisha. Bima yake ya afya ya kule haivuki mpaka hadi huku, na akirudi itabidi aanze kuishughulikia upya. Marafiki wake wa kila siku wako hapa, wanamngoja jioni wacheze bao. Nchi yangu iko tayari kumpokea akiwa maiti, lakini akiwa mgane haina karatasi ya kumpa.

Msidhani naota ndoto mbaya. Namfahamu mgane mmoja wa Kizungu aliyemzika mkewe huku Kanda ya Ziwa. Alikaa miezi michache akihangaika na ofisi, kisha akaondoka na masanduku mawili. Nyumba waliyojenga pamoja inakaliwa na watu wengine. Aliponiaga kwa simu hakulaumu mtu. Alisema tu kwamba hakupata muda wa kuweka msalaba.

Kuna na suala la nyumba. Kibanja hiki ni changu, nilikirithi, na hapo tuliinua nyumba mwaka mmoja baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, lililobomoa nyumba nyingi mkoani kwetu. Mume wangu ni fundi umeme aliyesomea pia ujenzi. Mwaka 1988 alikuja wilayani humu kufanya kazi katika hospitali ya kanisa, ndipo tulipojuana. Aliposikia tetemeko limeangusha nyumba za watu, alichukua likizo yake yote akaja. Nondo za nyumba yetu alizifunga kwa mikono yake, akawaonyesha vijana wa hapa namna ya kufunga pembe za kuta zisipasuke. Wengine wao leo ni mafundi wanaotegemewa. Yeye wanamwita Fundi, watoto kwa wazee. Paneli ya sola ya jirani ikizima, anaitwa Fundi. Pampu ya maji ya shule ikigoma, anaitwa Fundi, na hajawahi kudai hata soda. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu tulimpa jembe zamani sana, naye analima.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 20, haimpi asiye raia ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji. Naielewa sababu yake. Nimezaliwa katika mkoa ambao ardhi ni fupi na kila mgomba una mwenyewe, na sitaki sheria hiyo iguswe ili wageni wajinyakulie vijiji. Nataka tu mzee wangu aruhusiwe kulala kwenye kitanda chake hadi siku yake ifike, kisha kibanja kirudi kwa ukoo.

Sasa niwaambie jinsi nilivyopokewa mimi nilipokuwa mgeni, maana hapo ndipo panaponiuma.

Nilifika Bielefeld mwaka 1992, baridi kali, Kijerumani changu kilikuwa cha salamu tu. Maisha ya ugenini yana machungu yake, na mengine sitayasahau. Cheti changu cha uuguzi hakikutosha, nikarudi darasani na watoto wadogo nikiwa na wangu tumboni. Kwa upande wa makaratasi ya kukaa, hata hivyo, nilitendewa kama mtu mzima. Mwaka 1995, baada ya miaka mitatu ya kuishi na mume wangu, nilipewa kibali kisicho na kikomo. Kilikuwa changu, kwa jina langu. Toka hapo hakuna aliyewahi kumwita mume wangu anisainie. Sheria yao inatamka kwamba mwenzi akifa, aliyebaki anapata haki yake mwenyewe ya kukaa, hata kama ile miaka mitatu haijatimia. Na kuna jambo lililonishangaza zaidi wakati wa kuhama. Nilidhani nikiondoka kwa muda mrefu kibali changu kitakufa. Nikaonyeshwa kifungu: mke au mume wa Mjerumani, wakiwa bado wanaishi pamoja, hapotezi kibali chake cha kudumu kwa kukaa nje ya nchi. Mimi niliyeondoka bado nina mlango kule. Yeye aliyekuja hana mlango huku.

Mtaniuliza kwa nini sikuchukua uraia wao nikamaliza. Sikuchukua kwa sababu Tanzania haikubali uraia pacha kwa mtu mzima, nami sikutaka kurudi kwa mama yangu na pasipoti ya kigeni. Ujerumani yenyewe tangu tarehe 27 Juni 2024 imeruhusu watu kubaki na uraia wao wa awali. Marafiki zangu wengi wa Kituruki na Kiafrika wamechukua. Mimi niliitunza pasipoti ya Tanzania kwa zaidi ya miaka thelathini, nikipanga foleni peke yangu viwanja vya ndege wakati mume na watoto wanapita upande mwingine. Nilijua ninaitunza kwa ajili ya uzee wetu wote wawili.

Waheshimiwa, mwanzoni mwa mwaka 2025 Bunge lilirekebisha Sheria ya Uhamiaji na Sheria ya Ardhi ili kuwapa hadhi maalum watu wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine. Nililia kwa furaha siku ile, kwa sababu ya wanangu. Walizaliwa Ujerumani, na sasa wana njia ya kurudi kwenye udongo wa bibi yao. Kisha nikamtazama baba yao. Hana asili ya Tanzania, hadhi ile haikuandikwa kwa ajili yake. Vilevile naona Zanzibar mgeni anayenunua nyumba ya kuanzia dola 100,000 katika miradi iliyoidhinishwa anaweza kupewa kibali cha ukaazi, yeye na familia yake. Siwaonei wivu. Ninauliza tu ni kiasi gani cha fedha kinacholingana na miaka 34.

Nikageukia uraia, nikidhani labda huko kuna njia. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, kifungu cha 11, inasema mwanamke wa kigeni aliyeolewa na raia wa Tanzania ana haki ya kuomba uraia wa tajnisi, ule anaopewa mgeni, wakati wowote mume wake akiwa hai. Nilikisoma mara tatu. Mwanamke aliyeolewa. Mwanamume aliyeoa Mtanzania hatajwi. Yeye anapita mlango wa kila mgeni: awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na ndani ya miaka kumi iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi humu jumla ya miaka isiyopungua saba. Mume wangu atazitimiza sifa hizo akiwa na miaka 76, kama moyo wake utakubali, na ataishi miaka yote hiyo kwa pasi inayonitegemea mimi.

Hapa kijijini yuko jirani yetu aliyeoa mke kutoka upande wa Uganda. Ni jambo la kawaida, mpaka uko karibu na tumeoana tangu enzi za mababu. Mke yule ana njia, nami namfurahia. Tofauti kati ya nyumba yake na yangu ni moja tu, kwamba kwao Mtanzania ni mume na kwetu Mtanzania ni mke.

Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza kubagua mtu kwa jinsia. Mkataba wa kimataifa wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake tuliuridhia mwaka 1985, na ibara yake ya 9 inazungumzia uraia waziwazi. Mwaka 1990 Mahakama Kuu pale Mwanza, katika shauri la Holaria Pastory, mama wa Kihaya kama mimi, ilitamka kwamba mwanamke ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi sawa na mwanamume. Nilikuwa muuguzi kijana. Nakumbuka wazee walivyonung'unika na akina mama walivyonyamaza wakitabasamu. Botswana nako, mwaka 1992, Mahakama ya Rufaa ilimpa haki Unity Dow, mwanasheria aliyeolewa na Mmarekani, aliyekataa watoto wake wahesabiwe wageni kwa sababu tu ni mama ndiye raia. Mimi sitaki kwenda mahakamani. Nimezeeka, na kesi hukaa muda mrefu kuliko wazee. Ninyi mnaweza kulimaliza kwa kubadilisha maneno machache.

Jirani zetu walishayabadilisha. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 15, inamruhusu mtu yeyote aliye katika ndoa na raia kwa miaka saba kuomba kuandikishwa raia, mume kwa mke, na sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 2011 inawafungulia wenzi ukaazi wa kudumu baada ya miaka mitatu ya ndoa. Uganda, katiba yao inasema kila mtu aliyeoa au kuolewa na raia. Nchi hizo zina mipaka kama yetu na wasiwasi kama wetu.

Wasiwasi huo siudharau. Mimi ni mtoto wa Kagera, nilikuwa msichana vita vya 1978 vilipotukuta, najua kwa nini mkoa huu unawaangalia wageni kwa macho mawili. Najua pia zipo ndoa za karatasi, mtu anaoa ili akae. Basi wekeni miaka. Wekeni mitatu, wekeni mitano. Muulizeni mwenyekiti wa kitongoji, muulizeni mchungaji, njooni nyumbani muone tunavyogombania nani achote maji ya kuoga kwanza. Ndoa ya kweli haiogopi kukaguliwa.

Na ninaposema haya siwasemei wazee wa Kizungu wenye pensheni peke yao. Mwaka 2013, Operesheni Kimbunga, ule msako wa wahamiaji haramu, ilipopita Kagera, Kigoma na Geita, baadhi ya walioondolewa walikuwa na wake na watoto Watanzania. Nilikuwa Ujerumani, dada yangu alinisimulia kwa simu, wanawake wamekaa barabarani na vifurushi hawajui wafuate mume ng'ambo au wabaki na shamba. Wanaume wale walikuwa wakulima na vibarua. Hawana dola za ada, hawana cheti cha ndoa cha kanisa wala cha serikali, na hawana mke wa kuandika barua kama hii. Jambo ninaloliomba, wao wanalihitaji kuliko sisi.

Ninaomba kiwepo kibali cha ukaazi cha mwenzi wa raia, kisichouliza nani anamlisha nani. Kiwe chake mwenyewe baada ya miaka ya ndoa mtakayoona inafaa, ada yake iweze kulipwa na mkulima, na kisife siku raia anapokufa. Mgane au mjane aliyeishi na Mtanzania kwa ndoa ya kweli abaki, na akae katika nyumba ya ndoa maisha yake yote hata kama ardhi hairithi. Na pale kifungu cha 11 kinapotaja mwanamke, kiandikwe mwenzi. Mume wangu huenda asiuombe uraia huo kamwe, maana atalazimika kuuacha wa kwao. Lakini nataka awe na haki ya kukataa kitu alichopewa, kuliko kunyimwa kwa sababu mimi ni mwanamke.

Hadi hapo itakapokuwa, tumefanya tulichoweza. Pasi yake ikiisha tutaomba tena, na safari hii tunafikiria kuchukua Daraja C, ili nikianguka ghafla asianguke nami. Nimeyaandika majina ya ofisi na tarehe kwenye daftari la bluu, nikamwonyesha linapokaa. Aliniambia hataki kulisikia daftari hilo. Bado nililiweka kwenye droo ya upande wake.

Kama Kamati ya Bunge inayoshughulikia katiba na sheria itapenda kutusikiliza, tutapanda basi hadi Dodoma kwa nauli yetu. Maswali mtamuuliza mwenyewe. Atawajibu kwa Kiswahili, na mahali kitakapompungukia ataongezea Kihaya, nami nitakuwa karibu kutafsiri.

Wenu katika kulijenga taifa,

Muuguzi mstaafu,
Kamachumu, Muleba